Mti wa Mwaka Mpya katika nyumba ya wazee wa Kiyahudi: uchambuzi wa kisa cha Desemba 2024

Mwaka 2024 Hanukkah, sikukuu ya Kiyahudi ya taa ya siku nane, ilianza jioni ya Krismasi. Hilo ni nadra: mara iliyotangulia ilikuwa 2005, na kabla ya hapo 1959. Kalenda ya Kiyahudi hufuata mwandamo wa mwezi, na miaka fulani huongezewa mwezi mzima ili isiachane na majira, kwa hiyo tarehe 25 ya mwezi wa Kislev huhamahama kati ya mwisho wa Novemba na mwisho wa Desemba. Safari hii ilisogea hadi karibu na ukingo. Mshumaa wa kwanza uliwashwa Jumatano jioni, 25 Desemba. Wa saba ukaangukia mkesha wa Mwaka Mpya. Wa nane, jioni ya Januari mosi.

Ninaratibu shughuli za wakazi katika nyumba ya wazee wa Kiyahudi nje kidogo ya Boston. Jina lake silitaji, na alama za watu nimezibadilisha. Naandika kisa hiki kwa ajili ya Waswahili wenzangu, maana wengi wetu huku Marekani tunafanya kazi ya kuangalia wazee, na kilichotokea kinaweza kumkuta yeyote kati yetu kwenye zamu yake.

Nyumba ina ghorofa tatu. Chini wanakaa wanaojimudu. Katikati wako wanaosaidiwa kuoga, kuvaa na kumeza dawa. Juu wako wenye ugonjwa wa kusahau, na mlango wao hufunguliwa kwa namba za siri. Jiko ni kosheri: nyama na maziwa havikutani, kila kimoja kina vyombo vyake, na yupo msimamizi wa dini anayekagua kila kinachoingia. Mhudumu haingii na pilau yake kwenye ukumbi wa chakula, hata kama ni pilau ya kuku aliyemchinja mwenyewe kwa utaratibu. Zamani mzee wa Kiyahudi akipelekwa nyumba ya kawaida ilimbidi ale asichoruhusiwa au ashinde njaa, na hiyo ni sababu mojawapo ya Wayahudi wa Marekani kujijengea nyumba zao. Ile ya Riverdale, New York, inayojulikana sana, ilianza 1917 ndani ya sinagogi huko Harlem, ikiwapokea wazee wasio na pa kulala.

Ukiwatazama wakazi kwa haraka utasema ni watu wamoja. Wote Wayahudi, wote wazee. Kumbe ni jamaa mbili. Wapo waliozaliwa Marekani, watoto na wajukuu wa wahamiaji wa zamani, ambao sinagogi ni sehemu ya maisha yao tangu utotoni. Na wapo wanaosema Kirusi, waliokuja kutoka miji ya Kisovieti ya Odessa, Kyiv, Minsk na Leningrad kuanzia miaka ya 1970, wengi zaidi baada ya 1989, Marekani ilipopitisha sheria ya kuwarahisishia kupokewa kama wakimbizi. Hawa wa pili wana lugha yao, chesi yao na domino zao, na ukumbi mdogo wa ghorofa ya kati umekuwa kama wao. Kisha tupo sisi wahudumu, Wakenya, Watanzania, Waganda, Wahaiti, wengi Wakristo na baadhi Waislamu.

Katikati ya Desemba, kabla Hanukkah haijaanza, asubuhi moja ulionekana mti kwenye ukumbi mkubwa. Mti mdogo wa plastiki, usiofika kiuno cha mtu mzima, wenye mapambo ya vioo vyembamba yaliyopauka na nyota nyekundu kileleni. Ulikuwa umewekwa kwenye meza ya dirishani, pale pale ambapo kila mwaka huwekwa hanukkia, kinara cha matawi tisa. Na mahali pale hapakuchaguliwa ovyo: mafundisho yanataka taa za Hanukkah zionekane na wapita njia, ili muujiza unaokumbukwa siku hizo utangazwe.

Aliyeuweka alikuwa binti wa zamu ya usiku, Mtanzania, miezi michache tu tangu aanze kazi. Nilimkuta anavaa koti ili aondoke.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Huu mti umetoka wapi, mdogo wangu?"

"Wa bibi wa chumba cha pembeni, ghorofa ya kati. Ulikuwa kwenye boksi chini ya kitanda. Kaniomba tangu saa nane usiku, dada, analia. Nikaona si kitu, ni Krismasi, nimfurahishe."

Hilo neno Krismasi ndilo lililochoma. Kabla ya saa mbili asubuhi mzee mmoja wa miaka 91, mzaliwa wa Boston, alikuwa amesimama mbele ya ule mti akitetemeka kwa hasira, anauliza kwa sauti ya kusikika jikoni ni nani ameleta mti wa Krismasi kwenye nyumba ya Kiyahudi. Uongozi uliamua haraka. Mti ukaondolewa, ukapelekwa stoo. Ikaanza kuandikwa barua ya onyo kwa yule binti. Bibi mwenyewe hakuambiwa. Aliposhuka kupata chai alikuta meza tupu, akaulizia, akajibiwa kwa Kiingereza asichokielewa vizuri, akarudi chumbani na chakula cha mchana akakikataa. Hadi jioni wazee wanaosema Kirusi walikuwa wamehamia meza moja ya mwisho na hawasemi na mtu.

Kosa la uongozi, kwa maoni yangu, lilikuwa kutoa hukumu kabla ya kuuliza ule mti ni wa nini.

Tuanze na mzee, maana hasira yake ilikuwa na mizizi. Alikulia Dorchester, karibu na Blue Hill Avenue, uliokuwa mtaa wa Wayahudi wa Boston. Miaka ya vita kuu ya pili, vijana waliochochewa na mahubiri ya redio ya padri Charles Coughlin walikuwa wakiwavizia watoto wa Kiyahudi mitaani humo na kuwapiga. Hayo yameandikwa, na yeye aliyaishi. Shuleni Desemba iliimbwa nyimbo za Noeli na kila mtoto alipaswa kuimba. Mti kwake ulikuwa alama ya nyumba za wengine, nyumba ambazo hakukaribishwa. Kuzeeka ndani ya nyumba ya Kiyahudi kulimaanisha kwamba mwisho kabisa wa maisha kuna Desemba ambayo hahitaji kumweleza mtu yeyote kwa nini kwao hakuna mti. Halafu anaamka, anaukuta dirishani.

Bibi alizaliwa Odessa, 1936. Vita vilipofika 1941 mama yake alipanda naye treni, wakaishia Tashkent, Asia ya Kati, kama familia nyingi za Kiyahudi zilizonusurika kwa kukimbilia mashariki. Katika Muungano wa Kisovieti alikokulia, masinagogi mengi yalifungwa na kufundisha Kiebrania kulipigwa marufuku. Lakini Uyahudi wake uliandikwa na serikali yenyewe kwenye pasipoti ya ndani, kwenye mstari wa tano, palipotajwa kabila. Kwa hiyo alikuwa Myahudi kila alipoomba kazi au chuo, ila hakuwa na sikukuu hata moja ya Kiyahudi aliyoweza kuiadhimisha mlango ukiwa wazi.

Sikukuu aliyokuwa nayo ilikuwa Mwaka Mpya. Wakomunisti walikuwa wameupiga vita mti wa Krismasi mwishoni mwa miaka ya 1920 kwa kuwa ni wa kanisa. Kisha tarehe 28 Desemba 1935 gazeti la Pravda likachapa barua ya kiongozi wa chama, Pavel Postyshev, akitaka watoto warudishiwe mti, safari hii kwa ajili ya Mwaka Mpya. Ukarudi, ukiwa na nyota nyekundu kileleni, Babu Baridi wa kugawa zawadi na mjukuu wake wa theluji. Wenyewe huuita yolka. Ndani yake hapakuwa na Yesu wala msalaba, na kwa kweli hata chama hakikuwa na mengi ya kusema usiku ule. Ilikuwa sikukuu ya nyumbani: mama, meza, machenza yaliyopatikana kwa kupanga foleni, milio ya saa redioni ifikapo saa sita usiku. Wayahudi wa Kisovieti waliipenda kwa sababu hapo hakuna aliyewauliza mstari wa tano unasemaje. Yale mapambo ya kioo yaliyopauka bibi alikuja nayo kutoka Odessa, yamefungwa ndani ya soksi.

Hayo nilielezwa na binti yake kwa simu siku ile ile. Simu ya dakika chache ingeweza kupigwa kabla mti haujabebwa kwenda stoo.

Na binti wa zamu? Mafunzo aliyopewa yalihusu nyama na maziwa, Sabato, na kutosema "Krismasi njema" kwenye korido. Hakuna aliyemwambia kwamba kuna Wayahudi wenye mti ambao si wa Krismasi. Alimwona mzee analia usiku, akafanya ambalo mtoto aliyelelewa vizuri angelifanya. Nalisema hapa kama nilivyolisema kwenye kikao: kumpa onyo la maandishi ni kuwafundisha wahudumu wote kwamba usalama uko kwenye kutowasikiliza wazee. Barua ilisimamishwa. Badala yake tukaweka utaratibu kwamba chochote kinachotoka chumbani kwa mkazi kwenda ukumbini kisubiri mchana, aulizwe mratibu. Mchana lazima awepo mtu wa kuulizwa, na kwa hilo uongozi ulitakiwa kuongeza saa za kazi. Uliongeza, shingo upande.

Baraza la wakazi lilitaka kupiga kura. Nilipinga, na bado naamini nilikuwa na haki. Waliozaliwa Marekani ni wengi kuliko wanaosema Kirusi, na kila mmoja pale alijua hivyo. Kura ingeleta jibu lililojulikana tangu mwanzo, kisha ingeitwa haki. Tuliomba badala yake kikao cha kusimuliana, mkalimani akiwepo: kila anayetaka aseme Desemba ilikuwaje kwao alipokuwa na miaka kumi. Mzee wa Dorchester alisema habari za kupigwa. Bibi alisema habari za Tashkent, za mwaka ambao walipamba tawi kwa vipande vya gazeti kwa kuwa hapakuwa na kingine. Hawakukumbatiana. Mzee alisema, "Nimekuelewa, na bado sitaki kuuona ninapokula." Ilikuwa kauli ya kweli, na ilitupa mahali pa kuanzia kuliko uongo wowote wa adabu.

Rabi wa nyumba naye aliulizwa. Alisema mti ule hauna ibada kwa wenyewe, lakini anayepita nje haoni historia ya Urusi; anaona mti wa Krismasi kwenye dirisha la Kiyahudi, na linaloonekana kwa jirani nalo lina uzito katika sheria yao. Dirishani pakae taa tu. Chumba kingine, sawa. Basi ikakubaliwa: yolka ikae kwenye ukumbi mdogo wa ghorofa ya kati, mlango wazi, ili anayetaka aingie na asiyetaka apite. Meza ya Mwaka Mpya iandaliwe kwenye ukumbi mkubwa, bila mti, kwa wote.

Yakabaki yale ambayo mtu wa nje hayafikirii: kuendesha jioni nane mfululizo.

Wasomaji wa Biblia wameikuta Hanukkah katika Yohana 10:22, sikukuu ya Kutabaruku, wakati wa baridi. Inakumbusha mwaka 164 kabla ya Kristo, Yuda Makabayo na ndugu zake walipolitakasa hekalu la Yerusalemu lililonajisiwa na Antioko wa Nne. Talmud, mkusanyo wa mafundisho ya marabi wa kale, ndiyo inayosimulia mafuta ya siku moja yaliyowaka siku nane. Jioni ya kwanza huwashwa taa moja, ya pili mbili, mpaka nane, pamoja na mshumaa wa ziada unaowashia mingine. Zamani shule ya Shamai, mwalimu wa sheria, ilitaka kuanza na nane na kupunguza. Shule ya mwenzake Hileli ikasema katika utakatifu tunaongeza, hatupunguzi, na ndivyo inavyofuatwa. Mishumaa hupangwa kuanzia kulia, ila huwashwa kuanzia kushoto, ule mpya kwanza. Ukikosea hilo mbele ya wazee wetu utasahihishwa na sauti kumi kwa pamoja, hata na ambaye hakumbuki jina la mwanawe.

Ghorofa ya katikati na ya juu wapo wanaotumia mashine ya oksijeni, kwa hiyo moto wa wazi vyumbani ni marufuku. Kila anayetaka hupewa kinara cha umeme. Lakini marabi wengi hawakubali baraka isomwe juu ya balbu, na mzee ambaye ameisoma baraka ile maisha yake yote hatosheki na taa ya plastiki. Anataka kufika kwenye moto wa kweli, ukumbini, ambako mhudumu husimama na kizimamoto na mitungi ya oksijeni hukaa mbali. Kumfikisha maana yake ni kiti cha magurudumu, lifti moja na foleni ya watu arobaini hivi, jioni nane. Na jioni yenyewe ni saa mbaya. Boston mwishoni mwa Desemba jua huzama saa kumi na robo, na giza likiingia ndipo wenye ugonjwa wa kusahau huanza kuhangaika, wanatafuta viatu, wanataka kurudi kwa mama zao. Tuliamua kuwashusha kwanza wao, kabla ya wenye akili timamu, nusu saa nzima mapema, na kuanza kuimba wakiwa bado wanaingia. Wimbo uliotangulia moto uliwatuliza kuliko maneno yetu yote. Nawashauri wanaofanya kazi kama hii wasisubiri ratiba ya karatasi: anzeni wimbo mlangoni mwa lifti.

Jioni ya kwanza, tarehe 25, tulikuwa wachache. Jamii nyingi za Kiyahudi Marekani zina desturi nzuri ya kujitolea siku ya Krismasi ili Wakristo wapumzike, na vijana wa masinagogi ya jirani walikuja kugawa chakula na kusukuma viti. Wasichoweza ni kumnyanyua mzee kwa mashine, kumbadilisha au kumpa dawa, kwa hiyo baadhi yetu tulibaki. Siku hiyo jiko lilikaanga latke: viazi vilivyokunwa, vikakamuliwa maji mpaka vikauke, vikachanganywa na kitunguu na yai. Mlo ulikuwa wa nyama, kwa hiyo ziliandamana na rojo la tufaha. Krimu ikasubiri siku ya maziwa.

Ijumaa ya tarehe 27 ilitupa kazi. Taa za Hanukkah lazima ziwashwe kabla ya mishumaa ya Sabato, na Sabato ilianza saa kumi jioni, kabla jua halijazama. Sasa taa za Hanukkah zinatakiwa ziendelee kuwaka angalau nusu saa baada ya giza, hivyo vimishumaa vya kawaida vya boksi havifai, vinakwisha mapema. Tulitumia mafuta kwenye vikombe vya kioo. Kila kitu cha alasiri kilirudi nyuma saa nzima, pamoja na dawa, na hapo wauguzi wana haki ya kushirikishwa wiki mbili kabla.

Kuna desturi nyingine iliyonigusa. Wanawake hawafanyi kazi wakati taa zinawaka, ile nusu saa ya mwanzo. Bibi mmoja mzaliwa wa Brooklyn aliishika mikono ya mhudumu wa Kihaiti aliyekuwa anafuta meza, akamketisha kando yake na kumwambia sheria ni sheria. Kuanzia jioni hiyo tulipanga vyombo viondolewe baada ya nusu saa. Jambo dogo sana kwenye ratiba, na miguu ya watu waliosimama tangu saa tisa alasiri inajua thamani yake.

Tarehe 31 wazee hawakukesha. Hakuna haja ya kuwakeshesha. Saa sita usiku ya Kyiv na Odessa ni saa kumi na moja jioni Boston, na kwa msimu ule giza ndilo kwanza limetanda. Yaani saa ile ile ya mshumaa wa saba. Kulipangwa hivi: taa kwanza, baraka, wimbo, kisha redio ya simu ya mtu fulani ikitoa milio ya saa, kisha meza. Saladi ya Olivier, ile ya viazi ya meza ya Kirusi, ilitengenezwa kwa kuku na mayonezi isiyo na maziwa. Samaki waliotiwa chumvi, waliofunikwa viazi na bitiruti, walipewa sahani zao mbali na nyama, kama msimamizi wa jiko alivyotaka. Divai ya povu ilikuwa na muhuri wa kosheri. Na machenza, mabakuli matano.

Saa moja kabla ya hapo Nairobi, Dar es Salaam na Mombasa zilikuwa zimeshaingia 2025, na wahudumu walikuwa wanasoma salamu kwenye simu zao korido. Binti wa zamu ya usiku alikuja mapema kwa hiari yake. Alimshusha mkazi wa ghorofa ya juu, mwanamke wa Minsk ambaye kwa miezi alikuwa hasemi ila maneno mawili matatu. Akamenya chenza mbele yake, taratibu, ganda lote kwa mkanda mmoja, akalikunja na kulisogeza karibu na pua yake. Yule mama akavuta hewa, akafumba macho, akasema kwa Kirusi sentensi ndefu. Waliokaa naye walisema ameuliza kama baba amesharudi na mti.

Mzee wa Dorchester alikuja kwenye mshumaa wa saba, akaimba, na redio ilipowashwa akaondoka. Ghorofa ya kati hakupita hata siku moja mpaka mti ulipofungwa tena kwenye boksi, tarehe 2 Januari. Bibi alimpelekea chenza mbili kwa mkono wa mhudumu. Alizipokea. Zaidi ya hapo sijui kilichoendelea baina yao, na si kazi yangu kukijua.

Mpango huu umebebwa na kalenda kwa sehemu kubwa. Kwa mwaka uliofuata, 2025, kalenda ilionyesha Hanukkah ikianza jioni ya 14 Desemba na kumalizika siku nyingi kabla ya Mwaka Mpya, kwa hiyo tarehe 31 isingekuwa na mshumaa wa kuitangulia meza, na wale waliokuja kwa ajili ya mshumaa huenda wasingekuja kabisa. Niliomba baraza likae Oktoba, mkalimani awepo, na safari hiyo binti wa zamu ya usiku aalikwe mezani.